Tulivyokamua maji ya kisima cha Bwejuu kutafuta DDT, na Haji yuko ndani

Wakuu, asalaam aleikum. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Waliobaki nyote marahaba, hata kama hamkuniamkia.

Mimi ni mwanamke wa Unguja, mstaafu, bibi wa wajukuu wenye kelele. Mmoja wao ndiye aliyenifungulia akaunti hii. Aliniambia, "Bibi, hizo hadithi zako wape watu wa humu, sisi tushazichoka." Haya, nimekuja.

Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu haya haya ambayo leo hayasomi bila miwani. Majina nimeyabadilisha kwa sababu watoto na wajukuu wa watu hao wapo. Mengine ni kama yalivyokuwa, na palipo na kitu nilichosahau nitasema nimesahau.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite zake kwa amani.

Juzi humu niliona vijana wanabishana kuhusu maji ya chupa na maji ya mfereji, yepi yana kemikali. Mmoja akaandika kwa kujiamini kabisa: "Kemikali kidogo ndani ya maji mengi hivyo, nani anaweza kuiona?"

Nilicheka peke yangu mpaka chai ikanipalia. Mwanangu, mimi nimeiona. Na siku niliyoiona, maisha ya mtu yalikuwa yanaingoja.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, Mapinduzi bado mabichi. Nilikuwa nimemaliza skuli, kwetu ni Mlandege, na nikapata kazi katika maabara ya serikali huko mjini. Kazi yenyewe ya mwanzo ilikuwa kuosha vyombo.

Msinicheke. Kuosha vyombo vya maabara si kuosha sufuria za pilau. Unaosha kwa sabuni, unasuuza, unasuuza tena, halafu unapitisha dawa ya kuondoa mafuta, na ukishamaliza huruhusiwi kutia hata kidole ndani. Mama yangu aliponiona nyumbani nimeanza kusuuza vikombe kwa mtindo huo alidhani nimepata wasiwasi wa udhu.

Mkubwa wangu alikuwa mwanamke wa Kijerumani, wale wa Mashariki waliokuja baada ya Waingereza kuondoka. Tukimwita Bi Inge. Mrefu, mwekundu kwa jua, anavaa viatu vya kiume. Kiswahili alikisoma darasani kwao, kwa hivyo sisi tukisema "nnakwenda" yeye anasema "mimi ninakwenda," hamezi hata silabi moja. Tukimcheka, na yeye akijicheka. Nilimpenda sana, Mungu ndiye shahidi.

Kazi yake ilikuwa kutafuta mabaki ya dawa za wadudu kwenye maji ya kunywa.

Vijana wa leo hamjui, lakini enzi zile DDT ilikuwa kila mahali. Wapiga dawa walipita nyumba kwa nyumba, bomba begani, wanapuliza kuta ili mbu wa malaria wafe. Ukuta ukikauka unabaki na vumbi jeupe. Hakuna aliyeogopa. Kunguni walikufa, watu wakashukuru.

Sasa tuje kwa Haji.

Haji alikuwa mpiga dawa, kijana wa Bwejuu, mtoto wa pekee wa mjane mmoja aitwaye Bi Mize. Kikosi chao kilipofika Bwejuu kupiga dawa, siku ya mwisho jioni Haji alionekana kisimani, bomba lake liko chini pembeni yake.

Haukupita muda mrefu, mbuzi wa Mzee Makame wakaanza kufa. Mzee Makame alikuwa mfugaji, mtu mkali, anayeheshimika, asiyependa mchezo. Halafu baadhi ya watu wakaumwa matumbo. Mzee Makame akasema hadharani: Haji ameosha bomba lake kisimani.

Haji akasema alisimama pale kunywa maji na kutia udhu tu. Nani wa kumsikiliza? Watu wakasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi methali hiyo siipendi mpaka leo, inamfunga mtu kabla hajafungua mdomo.

Na msisahau zilikuwa siku gani. Neno "hujuma" lilikuwa neno zito. Mtu anayetia sumu kisima cha wananchi hachukuliwi kama mzembe, anachukuliwa kama adui. Haji akaja kuchukuliwa na gari, akaletwa mjini, akawekwa ndani. Waliokuwepo zama hizo wanajua kwamba kuwekwa ndani siku zile kulikuwa na milango miwili, na mmoja hautoki mtu.

Sisi tukaambiwa: nendeni Bwejuu, mkalete maji, mseme kama sumu ipo au haipo.

Tukaenda na landrova ya serikali. Kasha la chupa nimelifunga mwenyewe, chupa safi mpaka zinalia ukizigusa.

Nyumba ya Bi Mize ilikuwa karibu na kisima kuliko nyumba zote. Akatupokea, akatutandikia mkeka barazani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kanga kaifunga vizuri, macho mekundu kwa kutolala. Hakulalamika. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Mwanangu, haya maji ndiyo yatakayomsemea Haji?"

Nikamwambia, "Naam, Bi Mize. Ndiyo hayo."

Tukaliacha kasha pale barazani, tukenda kumuamkia mwenyekiti wa tawi, maana huwezi kuingia kijiji cha watu ukachota maji bila ya kuaga. Tuliporudi tukateka maji kisimani, tukajaza chupa, tukafunga, tukaondoka. Ilikuwa Alhamisi. Baraza nzima inanukia ubani, kama nyumba yoyote ya Kiislamu usiku wa Ijumaa unapokaribia. Nani angeuliza?

Sasa hapa lazima niwaeleze kidogo mambo ya maabara. Sitawachosha.

DDT haipatani na maji. Inapenda mafuta. Kwa hivyo unachukua maji yako, unayamimina katika chupa kubwa yenye tumbo pana, chini ina bomba jembamba lenye kilango cha kuzungusha. Tukiiita faneli. Humo unatia heksani, kitu cheupe chepesi kinachonuka kama petroli. Unafunga, unatikisa kwa nguvu zako zote. Kila mara unaipindua na kufungua kilango, inapumua, psss, ama sivyo itakupasukia mikononi.

Halafu unaiweka itulie.

Wakuu, mara ya kwanza nilipoona nilisahau kufunga mdomo. Maji yanajitenga chini, heksani inapanda juu, katikati pana mstari umenyooka. Na sumu, kama ilikuwemo, imeyahama maji yote yale na kuhamia huko juu bila wewe kuona chochote. Tuliita "kukamua maji." Bi Inge alilipenda neno hilo, akalitumia hata mbele ya wakubwa.

Ukishakamua mara kadhaa, ile heksani unaipitisha kwenye chumvi kavu ya kufyonza unyevu, kisha unaipasha juu ya maji moto mpaka iruke hewani ibaki kidogo kabisa. Yale maji yote ya chupa sasa yamekuwa tone la kutia kwenye ncha ya sindano.

Hilo tone ndilo la kumsemea Haji.

Basi tukakamua maji ya Bwejuu. Heksani ikaruka, na chini ya chupa pakabaki kitu cha rangi ya asali, kinanata.

Maji safi hayaachi kitu kama kile.

Tukalipeleka tone kwenye kioo. Hiki ni kioo cha kawaida kilichopakwa unga mweupe wenye dawa ya fedha. Unadondosha tone lako karibu na ukingo wa chini, pembeni yake unadondosha tone la DDT unayoijua, ya kulinganishia. Unakisimamisha kioo ndani ya chombo chenye dawa kidogo chini, dawa inapanda kwenye unga taratibu kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Kila kitu kilichomo kinabebwa na kuachwa mahali pake. Halafu unawasha taa ya zambarau, na DDT inajitokeza, doa jeusi.

Ile ya kulinganishia ikatoka vizuri, doa moja duara.

Ya Bwejuu ikatoka mchirizi wa kahawia na mweusi, kutoka chini mpaka juu.

Pale maabara alikuwepo bwana mmoja aliyetumwa kungojea majibu. Sitamtaja, na cheo chake sikukijua wala sikukiuliza. Akaangalia kioo, akasema, "Si hiyo nyeusi hapo?"

Bi Inge akasema, "Ndugu, hiyo si doa. Mimi siwezi kusoma kitu hiki."

"Lakini ni nyeusi."

"Ni nyeusi. Lakini mimi sijui ni kitu gani."

Yule bwana akasema atarudi, na akirudi anataka neno moja tu: ipo au haipo. Nilikuwa namuona Bi Mize na kanga yake.

Bi Inge akachukua chupa ya pili ya Bwejuu, tukaanza upya. Tukakamua, tukapitisha, tukaipasha. Safari hii hatukuwa na haraka, tuliiacha heksani iruke yote mpaka ile harufu ya petroli ikaisha kabisa. Sote wawili tukainama juu ya chupa, pua karibu zigongane.

Bi Inge akasema, "Krismasi."

Mimi, wakati huo huo, nikasema, "Alhamisi."

Tukatazamana.

Alikuwa ananusa kanisa la bibi yake kule kwao. Mimi nilikuwa nanusa baraza ya Bwejuu. Ilikuwa ubani, wakuu. Ubani mtupu, umetoka ndani ya maji ya kisima.

Kwa wale wa bara ambao hawajui: kwetu maji ya kunywa hayanywewi hivi hivi. Mtungi unafukizwa, vikombe vinafukizwa, unavigeuza juu ya chetezo moshi uingie, ndiyo unatia maji. Mgeni wa heshima ukimpa maji yasiyonukia umemvunjia heshima, ni afadhali usimpe. Hata kwetu Mlandege mama yangu akifanya vivyo hivyo. Na moshi wa ubani ni mafuta na utomvu, heksani inaupenda kama inavyoipenda DDT.

Kesho yake alfajiri tulikuwa njiani kwenda Bwejuu.

Nilimuuliza Bi Mize mwenyewe, maana Bi Inge alisema mimi nitajua namna ya kuuliza. "Bi Mize, siku ile tulipoacha chupa zetu hapa, ulizigusa?"

"Nlizigusa," akasema bila ya wasiwasi. "Nlizifukiza. Kwani nyie mlitaka maji ya mwanangu yende serikalini yananuka chupa tupu? Nlitoa ubani wangu wa maka, ule nnaouweka kwa ajili ya Idi. Miye sina kitu chengine cha kumpa."

Lakini ilikuwa lazima nimwambie. Nikamwambia kwamba ubani umeingia ndani ya maji, kwenye kioo umetoka mweusi, na yule bwana aliyetumwa anaona ni sumu.

Akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku.

"Kwa hivyo ni miye," akasema. "Ni miye n'liyemtia mwanangu kitanzi."

Nimezika wazazi, nimezika mume. Sauti ile sijaisikia tena.

Bi Inge hakungojea nimfafanulie. Alikaa chini mkekani na viatu vyake vya kiume, akamshika mikono, akasema kwa Kiswahili chake cha darasani, "Mama, wewe hukufanya kosa. Mimi sikukuambia usiguse. Kosa ni langu mimi. Sisi tutachota tena."

Bi Mize akainuka, akachukua chetezo, akayafukia mchanga yale makaa. Kisha akaenda kukaa mbali kabisa, kule nyuma ya nyumba, mikono kaificha ndani ya kanga. Nilimwita aje karibu. Akasema hasogei mpaka tuondoke.

Wakati huo habari zishamfikia Mzee Makame. Akaja na bakora yake, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Juzi mlikuja mkachota. Leo mnasema ule ulikuwa ubani. Kesho mtasema nini? Mbuzi wangu hawakufa kwa ubani."

Bi Inge akamwamkia. Mzee hakuitikia.

"Chupa hizo nnakwenda nazo mimi," akasema. "Ntakaa nazo mpaka mwisho."

Mimi nilikasirika. Nilidhani amekuja kuhakikisha Haji hatoki. Lakini Bi Inge akasema, "Ni vizuri sana. Karibu, Bwana Makame." Basi Mzee Makame akapanda landrova, kasha la chupa kaliweka mapajani. Njia ile ilikuwa mashimo matupu, mpaka tunatoka msitu wa Jozani kichwa chake kimegonga paa sijui mara ngapi, lakini kasha halikutikisika.

Tulipofika maabara hakukaa. Alisimama katikati, akatazama vioo vyote vile na mirija, akauliza swali ambalo wasomi wengi niliokuja kufanya nao kazi hawakuwahi kuuliza. Tena aliuliza kwa ubishi, si kwa hekima.

"Haya. Hicho kioo chenu kikisema hamna kitu, mimi nnajuaje kama si kipofu?"

Bi Inge uso wote uliwaka kwa furaha. Akafungua kabati, akatoa kichupa kidogo chenye DDT iliyoyeyushwa, nyepesi sana, na mrija wa kudondoshea. Akampa Mzee Makame kwa heshima zote.

"Hizi hapa chupa mbili za maji ya kisima chenu. Hii ya kwanza, hii ya pili. Ingia chumba kile, funga mlango. Tia tone moja katika chupa moja tu. Usituambie ni ipi."

Mzee akauliza, "Na mkishindwa kuijua?"

"Kama sisi tukishindwa, wewe usituamini tena."

Mpaka hapo mnaelewa, wakuu? Doa likitoka kwenye chupa moja tu, kisima ni safi na kioo kinaona. Likitoka kwenye zote mbili, Haji amekwisha. Lisipotoka popote, sisi ndio tumekwisha, na Haji pamoja nasi.

Mzee Makame akaingia, akafunga mlango. Akakaa huko mpaka nikaanza kuogopa. Alipotoka alikuwa kazikumbatia chupa zote mbili, huwezi kusoma chochote usoni mwake.

Nikakamua mimi. Bi Inge alisema mkono wangu ni mwepesi kuliko wake. Nilitikisa faneli ya kwanza, nikaipindua, nikafungua kilango. Psss. Mzee Makame akaruka nyuma, akasema "Audhubillahi," halafu akakohoa kana kwamba hakusema kitu.

Maji yalipojitenga akasogea. Akainama.

"Mbona yamegawana?"

"Chini ni maji, Mzee. Juu ni hiyo dawa ya kukamulia."

"Na sumu?"

"Kama ipo, iko juu."

Akakodoa. "Siioni."

"Hata sisi hatuioni."

Akanitazama kama vile nimemtania. Lakini hakuondoka tena pale. Nilipoiacha heksani ya kila chupa iruke, alikaa anaangalia inavyopungua. Safari hii chini hakukubaki asali wala utomvu. Hakukubaki kitu. Chupa mbili kavu, ukizitazama utasema hamna lolote, na zote mbili zinafanana.

Nikasuuza kila moja kwa tone la heksani, nikaweka matone kwenye kioo. La kulinganishia, la chupa ya kwanza, la chupa ya pili. Tukakisimamisha kioo. Dawa ikaanza kupanda.

Adhana ya alasiri ikatukuta pale. Mzee akakataa kwenda msikitini, akasema hatoki mpaka aone. Nikamtandikia kanga yangu, nikamuonyesha kibla, akaswali palepale baina ya meza na kabati. Bi Inge akazima redio na kusimama kimya mpaka akatoa salamu.

Kisha tukafunga madirisha, tukawasha taa ya zambarau.

Mwanzo hakuna kitu. Unga mweupe tu.

Kwanza likatoka doa la kulinganishia, pole pole, kijivu, kisha jeusi.

Halafu, usawa ule ule, kwenye njia ya chupa ya pili, kikaanza kivuli. Unadhani macho yanakudanganya. Kikakoza. Doa duara dogo, limekaa mahali pake kama aliyeitwa akaitika.

Njia ya chupa ya kwanza ilibaki nyeupe. Tulingoja. Ikabaki nyeupe. Tukangoja tena.

"Ni chupa ya pili," nikasema.

Nikageuka kumtazama Mzee Makame. Kavua kofia, kaishika kifuani.

"Ni ya pili," akasema. "Nlitia tone moja. Nlitia nikatikisa mpaka mwenyewe nikawa siamini kama limo." Akainama kwenye kioo, akaiangalia ile njia nyeupe kwa muda mrefu. "Subhanallah. Tone moja mmeliona. Sasa Haji angeliosha bomba zima..."

Akairudisha kofia kichwani.

Nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu. Nimeona mashine za baadaye, zinazochora zenyewe kwenye karatasi. Sijapata kuona kitu kilichonitia hofu ya Mungu kama lile doa, na pale pembeni yake palipokuwa hapana kitu.

Yule bwana wa kungojea majibu akaja. Akauliza neno lake moja.

Bi Inge, kwa kuwa ni mkweli kupita kiasi, akaanza: "Ndugu, sisi hatukuona kitu kwa kiwango ambacho njia hii ya upimaji inaweza..."

Bwana akakunja uso. Nikaona mambo yanaharibika.

Mzee Makame akaingia kati. "Haipo, bwana," akasema. "Mimi ndiye n'liyemshitaki. Mimi ndiye mwenye mbuzi. Haipo. Nimeiona kwa macho yangu ilivyokuwa haipo."

Bwana akamtazama, akatazama kioo, akaondoka. Hatukuambiwa lolote. Lakini Ijumaa iliyofuata Haji alikuwa kwao.

Mtaniuliza mbuzi walikufa kwa nini. Sijui. Wako waliosema ni majani ya mihogo michungu, wako waliosema ni maradhi. Hatukupewa mbuzi tupime. Na matumbo ya watu yalipona yenyewe.

Nilidhani mambo yameisha hapo. Ujana.

Tulirudi Bwejuu baada ya siku chache kuchukua maji mengine ya kawaida. Majibu yalishatangazwa, mwenyekiti wa tawi kayasema mbele ya watu. Lakini kisimani hakukuwa na mtu. Kamba imekauka. Wanawake wanakwenda kuteka mbali, wanapita pale na ndoo vichwani, nyuso wamegeuza upande mwengine.

Haji nilimuona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Kijana mwembamba, kakaa kwenye jiwe karibu na kisima cha watu wote ambacho hakina watu. Mama yake yuko mlangoni. Hakuna aliyewatukana. Hakuna hata aliyewasalimia.

Mimi niliona uchungu sana. Nilimwambia Bi Inge, basi kazi yote ile ilikuwa ya nini?

Ndipo Mzee Makame akaja. Hakuwa na haraka. Kapita katikati ya wale wanawake wanaotoka kuteka mbali, nao wakasimama. Akafika mpaka kwa Haji.

"Haji. Nitekee maji."

Haji akainuka. Akateremsha ndoo, akavuta. Nusu ya maji yakamwagika njiani.

Mzee akachutama mbele yake, mzee yule mkali, mbele ya mtoto aliyemfungisha. Akakinga viganja.

"Nimiminie."

Haji akammiminia. Mzee Makame akanywa. Akakinga tena, akanywa. Akanawa uso, akakinga mara nyengine, akanywa mpaka maji yanamtiririka ndevuni na kanzuni, na watu wote wanaangalia.

Akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Haji aliendelea tu kumimina, na analia.

Mwanamke mmoja akateremsha ndoo yake kichwani, akayamwaga yale maji ya mbali. Halafu mwengine.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Maabara iliweza kusema maji ni safi. Kumwambia Haji kwamba yeye ni safi hatukuweza, si mimi wala Bi Inge wala taa ya zambarau. Hilo lilikuwa la yule aliyemsema, na alitakiwa aje mwenyewe, mchana, watu wanaona.

Basi, nimemaliza. Wa kemia waje wanisahihishe nilipokosea, wenye maswali waulize, nitajibu nikishaletewa miwani.

Ila na mimi nina swali langu, na nataka mjibu kwa ukweli. Wewe uliyewahi kumsema mtu, baadaye ukajua hana hatia: ulikwenda ukakinga mikono mbele yake, au ulinyamaza tu ukawa unapita njia nyengine?